Nta Iliyokosa Utambi

Kikuubo hakuuzwi mshumaa mmoja. Nililijua hilo siku niliyoingia pale kutafuta mishumaa miwili.

"Katoni mbili?" aliuliza mama mwenye duka, kalamu ikiendelea kutembea kwenye daftari.

"Hapana, mama. Mishumaa miwili tu."

Hapo ndipo alipoinua macho. Nyuma yangu mchukuzi mwenye gunia la sukari alikuwa akipiga mluzi nimpishe, na nyuma yake yuko mwingine, na mwingine, kwani katika njia ile ukisimama wewe umesimamisha msafara. "Nnyabo," alisema kwa Kiswahili cha Kampala, chenye huruma kidogo na haraka nyingi, "hapa ni jumla. Ya moja-moja iko kwenu huko mtaani." Nikaona haya. Nikanunua katoni nzima, nikaibeba kichwani hadi kituo cha teksi kama mtu anayekwenda kufungua duka.

Kwa Kiganda, kikuubo ni uchochoro, ile njia nyembamba inayobaki baina ya ukuta na ukuta. Jina limebaki dogo, mahali pamekuwa pakubwa. Huku Kampala ya bondeni, jirani na vituo vya teksi na soko la Owino, ndiko chumvi, sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, viberiti na mishumaa hupitia kabla ya kusambaa nchini na kuvuka mipaka kwenda Juba, Goma na Kigali. Mtu wa Kikuubo huhesabu kwa katoni, kwa dazeni, kwa gunia. Kipande hakina hesabu pale. Na mimi, tangu siku ile, nimekuwa mtu wa kufikiria vipande.

Katoni ya mishumaa hudumu. Umeme wa Uganda una historia yake ndefu ya kuja na kwenda. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954. Nusu karne baadaye, katika miaka ya 2005 na 2006, maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka, mgao ulikuwa mkali kiasi kwamba watu walipika, walipiga pasi na kusoma kwa ratiba ya giza. Bwawa la Bujagali lilipozinduliwa mwaka 2012 tulipata nafuu. Siku hizi umeme hukatika kwa sababu za kawaida: mvua ya radi, nguzo iliyolala, transfoma iliyochoka. Saa moja, saa mbili, mara nyingine hadi kuche. Kila ukikatika nawasha mshumaa, na hakuna mshumaa niliowahi kuumaliza. Hubaki kisiki cha urefu wa dole gumba, na machozi yaliyoganda kwenye kisahani. Mimi ni mjukuu wa bibi wa Tanga asiyetupa hata kamba ya gunia, kwa hiyo vipande vile nikawa navitia kwenye kopo la maziwa ya unga bila kujua naviwekea nini.

Siku kopo lilipojaa ndipo nilipojiuliza swali la kitoto: kwa nini mshumaa hauishi? Mafuta ya kibatari hukauka hadi tone la mwisho. Kuni huteketea likabaki jivu. Mshumaa peke yake ndio unaozimika huku bado una mali.

Chukua kipande cha nta ukisogezee njiti ya kiberiti. Kitalainika, kitatoa jasho, kitadondoka, na njiti itakuunguza vidole kabla nta haijashika. Nta ngumu haiwaki, na hata ikiyeyuka haishiki kirahisi. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hupatikana nta iliyoyeyuka inapopanda utambi kidogo kidogo hadi mahali penye joto la kuigeuza hewa. Michael Faraday aliwaeleza hayo watoto wa London katika mihadhara ya Krismasi ya mwaka 1860 pale Royal Institution, mshumaa ukiwa ndio kitabu chake. Jaribio moja kati ya aliyowaonyesha waweza kulifanya nyumbani umeme ukikatika. Uzime mshumaa kwa pumzi ya pole, kisha upeleke njiti inayowaka kwenye ule uzi wa moshi mweupe unaopaa. Moto utauteremka moshi na kurudi wenyewe kwenye utambi. Moshi ule ni nta iliyokuwa bado njiani.

Sasa, mshumaa ukifika mwisho, utambi mfupi hukosa pa kusimama. Huinama, huzama katika kidimbwi cha nta yake, na giza huingia. Nta haikuisha. Iliyoisha ni njia yake ya kuwakia. Tangu nilielewe hilo, nikisikia mtu anaita kitu mabaki nataka kwanza kujua utambi wake ulizama wapi.

Kwangu napikia sigiri. Pwani tungesema seredani, na penginepo jiko la mkaa. Waganda wana neno lililokuja na Wahindi, ambao jiko lao la makaa huliita sigri. Kaya nyingi za Kampala hupikia mkaa, na kila alfajiri mji huwa na kazi moja kwa pamoja, ya kuubembeleza mkaa ushike. Mkaa ni mti uliokwisha kuchomwa mara moja ndani ya tanuri lenye hewa haba. Gesi nyingi ambazo zingetoa ndimi za moto zilifukuzwa huko porini, ikabaki hasa kaboni. Ndiyo maana ukishakolea huwaka kwa utulivu na moshi mchache, na ndiyo maana kuukoleza ni ubishi mtupu. Njiti moja ya kiberiti kwa mkaa ni kama hodi kwa mtu aliyelala fofofo.

Dawa ya mji kwa ubishi huo ni kaveera, mfuko wa plastiki. Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki iliyo myembamba kuliko maikroni 30. Kwetu Tanzania mifuko ya rambo iliagwa Juni 1, 2019. Kampala kaveera bado inatembea. Mchana imefungiwa nyanya. Alfajiri yake inaviringwa, inawashwa, inadondosha matone meusi ya moto juu ya mkaa, na moshi wake unakaa kooni mwa mpishi hadi adhuhuri. Ukipita vichochoroni saa kumi na mbili asubuhi utaipata harufu kabla hujaliona jiko. Mtoto aliyefungwa mgongoni huipata kama wewe, isipokuwa yeye hana pa kupita akaenda zake.

Bibi yangu hakuhitaji kaveera wala kiwashio cha namna yoyote. Asubuhi alinipa kigae, akaniambia nikapalie moto kwa jirani. Nilikwenda, nikaamkia, nikawekewa makaa mawili mekundu juu ya majivu, nikarudi mbio ubavu-ubavu ili upepo usinipulizie usoni. Kesho yake mtoto wa jirani angekuja kwetu na kigae chao. Lugha imeuhifadhi mwendo ule katika msemo wa kuonya, kwamba fulani amejipalia makaa, nasi tumesahau kwamba kupalia makaa ilikuwa kwanza kazi ya ujirani. Nyumba moja ikizimikiwa, mtaa ulikuwa na moto.

Buganda nao wana moto wa kulindwa. Pale Mengo, kwenye lango la kasri ya Kabaka, upo Ekyoto Ggombolola, unaowaka mradi Kabaka yu hai. Akifariki hawasemi kwamba amekufa. Husema moto wa Buganda umezimika, na huwashwa tena mwingine anaposhika kiti. Nikiwa Kikuubo huutazama mteremko wa Mengo nikawaza: hata moto wa mfalme una asubuhi yake ya kwanza, na pana mtu aliyeinama akaupuliza.

Mtaani kwangu hakuna wa kwenda kupalia kwake. Tumepanga vyumba vya mstari mmoja, vile ambavyo hapa huitwa mizigo, na nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilidhani wananitania kwa Kiswahili changu. Sigiri zetu zimepangana barazani, hatua mbili baina ya moja na nyingine, na kila mmoja huanza moto wake peke yake, na kaveera yake, na kikohozi chake.

Ndipo nikawaza kuvioza vile viwili. Mshumaa ni mwali usio na mwili, mkaa ni mwili usio na mwali. Kilichokosekana ni mshenga.

Maranda niliyapata Ndeeba, kwenye karakana za mbao, ambako hulundikwa kama mchanga na fundi hushukuru ukimpunguzia. Trei za mayai alinipa kijana anayekaanga rolex kwenye kona yetu. Rolex, kwa asiyeijua Kampala, ni chapati iliyoviringiwa mayai, na muuza rolex huvunja mayai mengi hata trei tupu zikamfika kiunoni. Trei ile ni ya karatasi iliyosagwa, mashimo thelathini, kila shimo kama kikombe kilichofinyangwa kwa kazi hii hasa.

Nta sikuiweka juu ya moto moja kwa moja. Nilitia vipande kwenye kopo, kopo nikaliketisha ndani ya sufuria ya maji, maji nikayaacha yachemke taratibu. Nta ya mishumaa ya madukani huyeyuka kwenye nyuzi kama hamsini au sitini za selsiasi, na maji ya sufuria hayapiti mia moja, basi hapo uko salama. Ukiipasha juu ya mkaa bila maji, joto hupanda kimyakimya hadi nta yote, si utambi tena, ianze kutoa mvuke wa kuwaka, na hapo umejipalia makaa kwelikweli. Ikishika, usiimwagie maji, kwa kuwa maji hugeuka mvuke ghafla na kuurusha moto hadi darini. Ifunike kwa mfuniko, ikose hewa. Tambi zilizozama nilizitoa kwa uma, nyeusi, fupi, kama kucha.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilidhani nta ndiyo moto, nikaimimina bila kuionea uchungu, maranda yakawa yanaelea humo kama mchele wa kwenye uji. Viwashio vilipoganda vilipendeza, vyeupe, ungedhani peremende za harusi. Kuviwasha, vikatoa masizi, vikaregea, na nta ikatiririka kupitia matundu ya sigiri hadi majivuni. Mkaa ulinitazama vilevile.

Mara ya pili nilishindilia maranda kwa kidole hadi shimo likajaa, kisha nikamimina nta ya kulowesha tu, ikazama na kupotea. Hivyo vilikuwa vibaya kwa macho, vya rangi ya udongo, vimekwaruzika. Nilikata kimoja, nikakiweka chini ya mkaa, nikawasha pembe yake ya karatasi. Kilishika kwa njiti moja. Kiliwaka kwa mwali wa kimo cha kidole, bila papara, kikaendelea hata nilipokuwa nimekwisha osha sufuria na kuchambua mchele, na nilipogeuka makaa ya chini yalikuwa yameanza kuwa na kingo nyekundu.

Tofauti ya siku hizo mbili ni utambi. Kila chembe ya ubao ni utambi mdogo. Nta hupanda juu yake kama ilivyokuwa ikipanda kwenye uzi wa pamba. Mshumaa ulikuwa na utambi mmoja, na ulipozama ukazama na kila kitu. Kiwashio kina tambi zisizohesabika, fupi, mbovu, zilizofagiliwa chini ya msumeno.

Kopo langu lilitoa viwashio kumi na vinane. Sita nilimpelekea kijana wa rolex, malipo ya trei zake. Kesho yake alfajiri nilimkuta amechuchumaa mbele ya sigiri, anatazama mwali kama mtu anayekagua noti.

"Mama, unauza bei gani?"

"Siuzi."

"Basi kwa wiki unaweza kutoa ngapi?"

Nikacheka. Kikuubo ilikuwa imekwisha mfikia. Nilimweleza kwamba ili nitoe trei moja kwa wiki ningelazimika kuomba giza kila usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia la maana kuliko yote niliyofikiria hadi siku ile: kwao, nyumba ya kina mama yake, kuna vipande, kanisani kwao kuna vipande, baa ya ng'ambo ya barabara ina vipande vingi. "Vipo," alisema. "Havijakusanywa."

Wapo Kampala waliofanya mabaki kuwa kazi kubwa. Kampuni ya Kampala Jellitone Suppliers ilipata Tuzo ya Ashden mwaka 2009 kwa kutengeneza makaa ya kushindilia kutokana na mabaki ya mashambani, ili taasisi na viwanda viache kuni. Mimi sina makuu hayo, wala sitaki kumdanganya msomaji. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kusimamisha uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini na sehemu za mashariki mwa nchi, kule Acholi, Lango, Teso na West Nile, maana miti ilikuwa inateremka barabarani ikiwa ndani ya magunia. Kiwashio changu hakirudishi mti hata mmoja. Kinawasha mkaa uleule. Ninachoweza kukisemea ni koo la mtu mmoja na mtoto mmoja wa mgongoni, kwa asubuhi moja.

Nikiwa na kisu mkononi, nakata trei, mawazo yangu hurudi mara kwa mara kwa Kiswahili cha yule mama wa duka. Lugha hii Uganda imewashwa na kuzimika mara nyingi. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kuipinga isifanywe lugha rasmi katika Buganda. Ikabaki kambini, kwa askari. Idi Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikuwa wanaisikia kwenye vizuizi vya barabarani tu, ikiwauliza wanatoka wapi. Maneno yaliyotapakaa enzi zile yananuka njaa na pupa: magendo, bidhaa za madukani zilipoadimika, na mafuta mingi, jina la waliogawiwa maduka ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972. Sarufi ilivunjika pale, maana ikabaki nzima. Utambi wa lugha ulikuwa amri, na wenye amri walipoanguka wengi waliiona lugha yenyewe ni takataka ya kufagiwa pamoja nao.

Halafu mtu aingie Kikuubo asubuhi. Mnunuzi wa Goma na mwenye duka wa Masaka wanabishana bei ya sabuni. Kifaransa cha mmoja hakifiki, Kiganda cha mwingine hakipokelewi, na kati yao Kiswahili kinawaka, kifupi, kimekwaruzika, hakina utaratibu wa ngeli ninaoujua mimi. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe shuleni kwa lazima. Ni vizuri. Lakini katika uchochoro ule hakikungoja. Kilipata maranda yake: bei, mzigo, salamu, deni, utani. Na kiberiti walichokikopa Waganda kwetu, kama sisi tulivyokikopa kwa Waarabu, wanakiita ekibiriiti na kinawaka sawasawa.

Katoni yangu ilipokwisha, nilirudi dukani kwa mama yule. Safari hii sikuomba miwili. Nilikuwa nimemchukulia viwashio viwili ndani ya gazeti, nikaviweka juu ya daftari lake. Alivinusa kwanza. Wenye maduka wa huku wana haki ya kuogopa chochote kinachoshika moto upesi; mwaka 2009 soko la Owino, hapo jirani, liliungua usiku na watu wakaamkia majivu ya mitaji yao. Mama huyu huweka viberiti ukuta mmoja na mishumaa ukuta wa mbali.

"Nani anauza hivi?"

Nikamweleza: vipande, maranda ya Ndeeba, trei za rolex. Alisikiliza huku akimlipa mchukuzi, akimkemea mwingine, akihesabu noti kwa kidole gumba. Kisha akainama chini ya meza, akatoka na kopo la Blue Band lililojaa visiki vya mishumaa, vyeupe, kila kimoja na ncha yake nyeusi iliyozama.

Sikutegemea. Yule mwanamke mwenye mishumaa hadi darini. Alinisoma usoni. "Umeme ukikatika, hata mimi nawasha mmoja," alisema.

Nikauliza bei, kwa mazoea tu.

"Vipande hatuuzi, nnyabo. Utaniletea moto."

Mchukuzi alikuwa akipiga mluzi nyuma yangu. Nikampisha, nikajitwika katoni kichwani, nikalishika lile kopo kwa mikono miwili mbele ya kifua, nikashuka uchochoro ubavu-ubavu, polepole, kama mtu aliyebeba kigae.